Mashine imechukua noti, bado hujabonyeza "Thibitisha": pesa yako iko wapi?

Leo tunaingia mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kuona kwa macho: ndani ya tumbo la mashine ya kuweka na kutoa pesa.

Kila anayetumia pesa kwa simu hukutana na mashine hii siku moja. Wakala huweka noti za siku nzima ili apate floti ya kesho. Mweka hazina wa chama hupeleka michango ya wanachama kwenye akaunti iliyounganishwa na simu. Wewe mwenyewe huenda ukatoa pesa kwenye ATM bila kadi, kwa kodi uliyotumiwa kwenye simu. Na kila mmoja anajua zile sekunde chache zinazoumiza roho: mashine imemeza noti, skrini inasema "Tafadhali subiri", ndani kunasikika mngurumo, na simu bado haijalia.

Katika sekunde hizo pesa haiko mkononi mwako, na bado haijaingia kwenye akaunti. Basi iko wapi? Iko kwenye stoo ya muda. Mafundi wa mashine hizi huiita eskro. Ukielewa stoo hii inavyofanya kazi, utajua wakati wa kutulia, wakati wa kupiga simu, na cha kusema ukipiga.

Kwa nini noti ni mzigo msumbufu

Chupa za soda zikipita kwenye mkanda wa kiwandani, zinajisimamia zenyewe. Ukitaka zisubiri, unazipanga foleni tu, moja nyuma ya nyingine. Noti haiko hivyo. Ni nyepesi, ni bapa, inajikunja, na haiwezi kusimama peke yake. Ukiisukuma kwa nyuma inapinda. Ukiiachia hewani inapeperuka. Mbili zikishikana kwa jasho au kwa soda iliyomwagika, zinaonekana kama moja.

Halafu noti zetu ni za karatasi, si za plastiki. Inatoka benki ikiwa imenyooka, inapita kwa kondakta, inakunjwa mara nne ndani ya leso, inalowa sokoni, na jioni inafika kwenye mashine ikiwa laini kama kitambaa. Mashine inatakiwa kushika noti mpya na noti ya aina hiyo kwa namna moja, bila kurarua yoyote.

Kwa hiyo ndani ya mashine noti haiachwi huru. Muda wote imebanwa na kitu: katikati ya mikanda miwili, au vigurudumu viwili vya mpira, au tepe mbili za plastiki nyembamba. Hata inaposubiri, inasubiri ikiwa imeshikwa.

Safari ya noti, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano. Wakala ana noti 23: noti 20 za shilingi 1,000 na noti 3 za shilingi 500. Jumla ni shilingi 21,500. Anaziweka mdomoni mwa mashine zote kwa pamoja.

1. Kutenganishwa. Vigurudumu vya mpira vinavuta noti moja moja kutoka kwenye bunda. Hapa ndipo noti zilizoshikana huanza kuleta shida.

2. Kukaguliwa. Kila noti inapita mbele ya vihisi. Vingine vinapima unene, ili kujua kama ni noti moja au mbili. Vingine vinaangalia picha, urefu na upana. Vingine vinatumia mwanga usioonekana kwa macho, na vingine vinatafuta alama za sumaku kwenye wino. Yote hayo yanafanyika kwa muda mfupi kuliko unavyopepesa jicho.

3. Njia panda. Baada ya ukaguzi kuna kilango kidogo kinachogeuka huku au kule. Noti iliyokubalika inaelekea stoo ya muda. Iliyokataliwa inarudishwa kwako.

4. Stoo ya muda. Noti zilizokubalika zinakusanyika hapa zikikusubiri wewe.

5. Skrini inakuuliza. Tuseme mashine imekataa noti mbili: moja ya 1,000 iliyobandikwa kwa selotepu, na moja ya 500 iliyochanika pembeni. Zimebaki noti 19 za 1,000 na noti 2 za 500. Skrini itaandika shilingi 20,000 na kukuuliza kama unathibitisha au unaghairi.

6. Uamuzi. Ukithibitisha, noti zinatoka stoo ya muda na kuingia kwenye masanduku ya chuma yaliyo ndani ya kasha la usalama. Masanduku hayo huitwa kaseti. Ukighairi, noti zinarudi mdomoni mwa mashine.

Angalia vizuri hatua ya tano. Mashine imehesabu, lakini haijachukua. Kile kiasi cha 20,000 ni swali unaloulizwa. Ndiyo maana tunawaambia wateja wetu kila siku: usibonyeze "Thibitisha" kwa haraka. Hesabu noti zilizorudishwa, jumlisha na zilizokubaliwa, linganisha na ulizokuja nazo. Katika mfano wetu, 20,000 kwenye skrini na 1,500 mkononi ni 21,500. Hesabu imekubali, endelea.

Stoo yenyewe inafananaje?

Kuna aina mbili kubwa.

Aina ya kwanza ni trei. Noti zinaangushwa moja juu ya nyingine kwenye kisanduku kidogo na kubanwa kwa bamba, kama vile karani anavyopanga risiti. Ni rahisi kutengeneza. Kasoro yake ni kwamba noti zikishawekwa pamoja kwenye bunda, mashine ikitaka kuzisogeza moja moja lazima izitenganishe upya, na kila kutenganisha ni nafasi nyingine ya noti kukwama.

Aina ya pili ndiyo yenye ujanja. Fikiria mtu anakunja mkeka. Kila akikunja kidogo, anaweka noti moja juu ya mkeka, anakunja tena, anaweka nyingine. Akimaliza, noti zote ziko ndani ya mviringo wa mkeka, kila moja mahali pake, hakuna inayogusa mwenzake. Akianza kukunjua, noti zinatoka moja moja, ila ya mwisho kuingia ndiyo inatangulia kutoka.

Badala ya mkeka, mashine ina tepe ndefu ya plastiki, nyembamba na ngumu, iliyozungushwa kwenye magurudumu. Mara nyingi ni tepe mbili, na noti hubanwa katikati. Kama uliwahi kutumia kaseti za muziki za zamani, unaujua mtindo huu: tepe inatoka gurudumu moja na kujizungusha kwenye jingine, na ukirudisha nyuma inarudi ilikotoka. Noti inapofika, gurudumu linazunguka kidogo na kuimeza. Noti isipofika, gurudumu linasimama, ili tepe isipotee bure.

Kuna jambo moja hapa ambalo liliwapa kazi waliobuni mashine hizi. Kadiri tepe inavyojizungusha, gurudumu linanenepa. Gurudumu nene likizunguka mara moja linavuta tepe ndefu kuliko gurudumu jembamba. Mota ikizunguka kwa mwendo ule ule tangu mwanzo hadi mwisho, tepe ingeongeza kasi polepole, ikapishana na mikanda inayoleta noti, na noti zingevutwa au kukunjamana. Kwa hiyo mashine inafuatilia tepe kiasi gani imeshajizungusha, na inapunguza mzunguko wa mota ili mwendo wa tepe ubaki mmoja. Pia inalinda mvuto wa tepe: ikilegea noti zinahama, ikivutwa sana tepe inaweza kukatika.

Tepe ina mwisho wake. Karibu na mwisho huo kuna alama inayosomwa na kihisi. Ndiyo maana kila mashine ina kikomo cha noti inazopokea kwa mara moja. Ukiona ujumbe kwamba umefika kikomo, mashine haijaharibika. Stoo ya muda imejaa tu. Thibitisha zilizoingia, chukua risiti, kisha anza muamala mpya kwa zilizobaki.

Kwa nini noti zisiingie moja kwa moja kwenye kasha?

Ni swali zuri, maana ingekuwa haraka zaidi. Sababu ni tatu.

Ya kwanza ni ridhaa yako. Pesa ni yako mpaka useme vinginevyo. Mashine ikihesabu 19,000 na wewe unajua ulileta 20,000, una haki ya kughairi na kurudishiwa.

Ya pili ni mawasiliano. Kabla ya kupokea pesa, mashine lazima ipate jibu kutoka benki kwamba akaunti ipo na inaweza kupokea. Mtandao ukikatika kabla ya jibu kuja, noti bado hazijachanganyika na za watu wengine, kwa hiyo zinaweza kurudi.

Ya tatu ni kuchanganyika kwenyewe. Noti ikishaingia kwenye kaseti, inakaa na noti za watu waliotangulia. Mashine nyingi za siku hizi huzungusha pesa: noti aliyoweka wakala asubuhi inaweza kutolewa kwa mteja mwingine mchana. Baada ya hapo hakuna wa kusema "ile ndiyo yangu". Stoo ya muda ndiyo mahali pa mwisho ambapo noti zako zinatambulika kuwa zako.

Na ukitoa pesa je?

Kwenye kutoa, safari inageuka, lakini mahali pa kusubiri pako pale pale.

Unaomba kutoa pesa kwenye menyu ya simu, unapata kodi kwa SMS, unaiingiza kwenye ATM kabla muda wake haujaisha. Ndani, mashine inavuta noti moja moja kutoka kwenye kaseti na kupima unene wa kila moja. Zikija mbili kwa pamoja, au ikija moja iliyokunjika, hazitupwi kwako. Zinapelekwa kwenye sanduku la pembeni la noti zilizokataliwa, na mashine inavuta nyingine. Hii ndiyo sababu wakati mwingine unasikia mashine ikihangaika kwa muda mrefu kuliko kawaida. Inarudia hesabu.

Noti nzuri hazitoki moja moja. Zinapangwa kwanza kwenye kijukwaa kidogo mpaka kiasi chote kitimie, ndipo kilango kinafunguliwa na bunda lote linasukumwa mdomoni. Ingekuwa zinatoka moja moja na stima ipotee katikati, hakuna ambaye angejua umechukua ngapi.

Bunda likishatoka, mashine inakupa muda mfupi wa kulichukua. Usipolichukua, mashine nyingi hulivuta ndani tena na kuliweka kwenye sanduku la pembeni, ili mtu anayekuja nyuma yako asijichukulie. Hapa kuna jambo muhimu: mashine nyingine haziwezi kuhesabu upya noti zilizovutwa ndani. Zinaandika tu kwamba bunda limerudi. Kama lilirudi zima au lilirudi pungufu, lazima mtu afungue sanduku na kuhesabu kwa mkono. Ndiyo maana malalamiko ya aina hii huchukua muda zaidi. Na ndiyo maana hupaswi kamwe kuchomoa noti chache kutoka kwenye bunda na kuacha nyingine. Chukua zote kwa pamoja.

Stima ikipotea katikati ya kazi

Hili ndilo linalowatisha watu zaidi. Umeweka noti, tepe inazunguka, halafu giza.

Kwanza, ATM nyingi zina betri au jenereta ya benki inayosaidia. Lakini tuchukulie zote zimeshindwa. Noti zilizokuwa kwenye stoo ya muda zinabaki pale pale, zimebanwa katikati ya tepe. Haziwezi kuanguka wala kurudi zenyewe, na mtu wa nje hawezi kuzifikia.

Stima ikirudi, mashine haianzi kazi kama kawaida. Inajikagua kwanza: je, kuna noti kwenye mikanda? Je, kuna noti kwenye stoo ya muda? Ikizikuta, kwa kawaida inazipeleka kwenye sanduku la pembeni, mbali na pesa nyingine, na kuandika kwenye kumbukumbu yake. Haikurudishii wewe, kwa sababu haijui kama aliyesimama mbele yake sasa ni wewe au ni mtu mwingine. Ni uamuzi unaoudhi ukiwa umesimama pale, lakini ndio unaozuia noti zako kutapikwa mbele ya mpita njia.

Ikiwa noti imekwama kwenye mikanda, mashine inajifungia na kusubiri fundi. Utaona maandishi kwamba haifanyi kazi kwa sasa.

Daftari mbili zinazopaswa kukubaliana

Kuna stoo ya muda ya noti, na kuna kitu kinachofanana nayo upande wa hesabu.

Unapoomba kutoa pesa kwa simu, mfumo hutenga kiasi hicho kwenye salio lako ili usikitumie mara mbili. Mashine ikitoa noti, inatuma taarifa kwamba imetoa, na muamala unafungwa. Mashine ikishindwa, inatuma taarifa kwamba haikutoa, na kiasi kinarudi kwenye salio lako. Tatizo linakuja pale ambapo taarifa yenyewe haifiki. Daftari moja inasema pesa imeondolewa, nyingine haijasema lolote.

Hapo mfumo haubahatishi. Muamala unawekwa kwenye hali ya kusubiri mpaka daftari mbili zilinganishwe: rekodi ya mfumo wa simu na rekodi ya mashine. Rekodi ya mashine inaonyesha saa, kiasi, noti ngapi zilivutwa kutoka kaseti gani, ngapi zilikataliwa, na kama kilango kilifunguliwa. Baadaye watu wa benki wakija kujaza mashine, wanahesabu noti zilizopo. Noti ambazo hazikutoka zitaonekana kama ziada. Ziada hiyo na muamala wako vikikutana kwa saa na kwa kiasi, kesi yako imejithibitisha yenyewe.

Ndiyo maana tukikuuliza saa kamili na mahali palipo mashine, hatukusumbui. Tunatafuta mstari mmoja kwenye daftari refu.

Mashine ikikwama na pesa yako: fanya hivi

- Tulia, usiondoke mara moja. Subiri dakika chache. Mashine inaweza kuwa inajikagua na bado itarudisha noti au kukupa risiti.
- Usigonge, usiingize kidole, kadi wala waya mdomoni mwa mashine. Unaweza kurarua noti zako mwenyewe, au kuharibu kilango.
- Andika mambo matano: tarehe na saa, tawi au mahali palipo mashine, namba ya mashine kama imeandikwa, kiasi, na ujumbe wa mwisho uliouona kwenye skrini. Kwenye kuweka pesa, andika pia noti ngapi za aina gani.
- Hifadhi risiti na SMS zote, hata ile ya kodi ya kutolea. Piga picha ya skrini kama inawezekana.
- Piga simu ukiwa bado pale, kwetu kupitia huduma kwa wateja kama muamala ulianzia kwenye simu, na kwa benki yenye mashine. Omba namba ya kufuatilia lalamiko lako.
- Usirudie muamala ule ule mara moja. Angalia salio kwanza. Ukirudia wakati wa kwanza bado unasubiri, unaweza kutoa mara mbili.
- Usipopata jibu la kuridhisha, andika barua au barua pepe ukitaja namba ya lalamiko. Ukiwa umefuata hatua zote na bado hujasaidiwa, unaweza kupeleka lalamiko Benki Kuu ya Kenya, ambayo ndiyo msimamizi wa mabenki na watoa huduma za malipo.

Jihadhari na "wasaidizi"

Mashine ikikwama, hapo ndipo matapeli hutokea. Mmoja anajifanya mteja mwenye uzoefu na kukuambia uweke PIN tena huku akichungulia. Mwingine amebandika karatasi yenye namba ya simu pembeni mwa mashine na kuiita namba ya msaada. Usipige namba ya karatasi iliyobandikwa tu. Tumia namba iliyo kwenye programu yetu, kwenye SMS zetu rasmi, au muulize mhudumu ndani ya benki.

Wapo pia wanaoweka kifaa cha kuzuia noti mdomoni mwa ATM. Mashine inasukuma bunda, bunda linanaswa, wewe unadhani mashine imekwama, unaondoka ukiwa umekasirika, naye anarudi kuchukua. Ukisikia mashine imehesabu, kilango kimefunguka, lakini noti hazionekani, usiende mbali. Mwite mlinzi na upige simu ukiwa hapo hapo.

Na kumbuka: mfanyakazi wetu hatakuuliza PIN wala kodi ya kutolea pesa. Hata siku moja.

Andaa noti zako kabla ya kufika kwenye mashine

Matatizo mengi huanza mikononi mwetu. Dakika mbili za maandalizi zitakuokoa foleni nzima.

- Toa mipira ya kufungia, pini za karatasi na selotepu. Pini moja inaweza kukata tepe ya stoo ya muda na kuifunga mashine.
- Nyoosha pembe zilizokunjwa.
- Tenganisha noti zilizoshikana. Pepeta bunda kama karata.
- Noti zenye unyevu zikauke kwanza. Wachuuzi wa samaki na wa maziwa, hili ni lenu hasa.
- Noti zilizochanika au kuungwa peleka kwenye kaunta, usizilazimishe mashine.
- Hesabu mwenyewe, na uandike hesabu, kabla ya kuingiza noti.

Maswali mnayouliza mara kwa mara

*Noti yangu ni halali, mbona mashine inaikataa?*
Mashine haisemi kwamba noti ni bandia. Inasema tu haina uhakika. Labda imechakaa, ina wino wa kalamu, au imeingia ikiwa imepinda. Igeuze, inyooshe, jaribu tena mara moja. Ikikataa, nenda kaunta. Pia noti zikibadilishwa sura, mashine lazima zifundishwe upya. Mwaka 2024 Benki Kuu ilipotangaza noti zenye mabadiliko, kuanzia ya shilingi 1,000, mashine zilihitaji kusasishwa ili zizitambue.

*Na ile noti ya zamani ya 1,000?*
Noti ya shilingi 1,000 ya toleo la zamani ilikoma kuwa pesa halali baada ya tarehe 30 Septemba 2019. Mashine haitaipokea, na dukani usiipokee.

*Nikighairi, nitarudishiwa noti zangu au za mtu mwingine?*
Kwenye mashine yenye stoo ya muda utarudishiwa zako, kama bado hujathibitisha. Usishangae zikirudi kwa mpangilio tofauti. Kwenye stoo ya tepe, ya mwisho kuingia ndiyo ya kwanza kutoka.

*Nikithibitisha kwa makosa, naweza kurudishiwa?*
Noti zenyewe haziwezi kurudi, kwa sababu zimeshaingia kwenye kaseti na za wengine. Lakini thamani yake iko kwenye akaunti uliyoweka. Kama ni yako, toa kama kawaida. Kama umeweka kwenye akaunti ya mtu mwingine kwa makosa, wasiliana na benki haraka, kabla pesa haijatumika.

*Skrini ilizima kabla ya kuonyesha jumla. Nitathibitishaje nilichoweka?*
Kumbukumbu ya mashine inaweza kuwa na rekodi ya noti ilizokubali. Ukitoa saa na hesabu yako mwenyewe, vinaweza kulinganishwa na noti zilizokutwa ndani. Hii ndiyo faida ya kuhesabu na kuandika kabla.

Kabla hujabonyeza

Wiki ijayo ukisimama mbele ya mashine na noti za chama au za biashara, skrini itakuuliza tena lile swali la jumla. Wakati huo noti zako zitakuwa zimelala ndani ya tepe, kila moja mahali pake, zikingoja jibu lako. Linganisha skrini na hesabu uliyoandika na noti zilizorudi mkononi. Zikikubaliana, thibitisha, chukua risiti, na usiondoke kabla simu haijalia.

Una swali ambalo hatujalijibu? Tutumie kupitia sehemu ya "Msaada" kwenye programu, nasi tutalijibu hapa.